Mistari Kumi na Miwili ya Afya Njema

Wateja wangu wananiita Gramu. Walianza kwa kunicheka, kwa sababu mizani ikipita mezani kwangu ikazidi gramu tatu tu, siirudishi kwa mwenyewe hata akae mlangoni akininung'unikia mpaka nifunge. Jina lile lilinipendeza sana, nikajifanya linaniudhi ili wasiliache. Ni mwaka wa thelathini na moja sasa natengeneza mizani. Karakana yangu ni chumba chembamba kati ya kinyozi na duka la madaftari. Mteja huingia kiubavu, na mimi, kwa tumbo hili, huingia kwa mafungu mawili. Juu zimening'inia mizani za ndoano, chini imekaa mizani ya magunia, na mezani, ndani ya sanduku lililotandikwa kitambaa laini, yamelala mawe yangu ya kujaribia, kuanzia la kilo kumi hadi la gramu moja, ambalo hulishika kwa koleo na pumzi nimeibana.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unaweka jiwe ambalo uzito wake unaujua, unatazama mshale unasema nini. Ukisema vingine, mwongo ni mshale. Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi mpaka kinyozi akawa anayasema kabla yangu. Na kwa miaka yote hiyo nimewacheka wauzaji, maana kila mmoja huiamini mizani inayompendelea na kuitilia shaka inayomwambia ukweli. Nilidhani ni ugonjwa wa wauzaji peke yao.

Mwaka huu niliitwa zahanati kutengeneza mizani ya watoto wachanga. Nilikwenda kwa maringo, kama daktari aliyeitwa na madaktari. Mizani ilikuwa imeganda: kila mtoto anayelazwa pale anatoka na kilo nne na nusu, na kina mama walikuwa wanarudi nyumbani wamefurahi. Nikaifungua, nikatoa pini ya nepi iliyonasa kwenye springi, nikaijaribu kwa mawe yangu, ikanyooka. Nilikuwa nafunga mkoba muuguzi aliponiambia nikae. Ni mama mmoja mtulivu, miwani yake hukaa nchani mwa pua kama inayotaka kuruka. Kwake kila anayevuka kizingiti hupimwa presha, hata anayeleta barua.

Akanifunga kitambaa mkononi, akaminya mpira, akasikiliza. Mia moja sabini na mbili kwa mia moja na mbili.

Nilimuuliza kwa heshima zote kipimo chake kilihakikiwa lini. Hakukasirika. Alitoa kingine kabatini, akanipima mkono wa pili, kikasema yale yale. Nikamwambia vipimo viwili vya kiwanda kimoja vinaweza kukosea kwa pamoja, nimeyaona hayo katika kazi yangu. Akanitazama juu ya miwani.

"Mzee wangu," alisema, "na wewe ni wa kiwanda gani?"

Nikaondoka na vidonge ndani ya karatasi, kimoja kila siku, bila kuruka, akasisitiza, hata nikijiona mzima namna gani.

Sasa, mtu aliyetumia maisha yake kuwaambia wenzake wasiamini macho bali waamini kipimo, alifanya nini? Alijitungia elimu yake. Niliamua kwamba presha ni kitu chenye adabu: ikipanda, itabisha hodi. Kisogo kitauma, masikio yatalia, moyo utagonga kama mtu aliyebanwa mlangoni mwa choo. Pasipo hodi, hakuna mgeni. Vidonge nikavificha karakanani, ndani ya kopo la skrubu ndogo, nikawa nameza pale tu nilipobishiwa hodi. Nilimeza siku mteja aliponiita mwizi. Nilimeza siku nilipoota naanguka kutoka ghorofani. Siku nyingine nilipiga miayo mitatu mfululizo, nikaingiwa na wasiwasi, nikatia mkono koponi, nusura nimeze skrubu. Mwezi mzima nilimeza vitano, na kila nilipomeza nilipata nafuu papo hapo, kabla maji hayajafika tumboni.

Nyumbani sikusema. Mtaniuliza kwa nini. Ni kwa sababu kwetu nafasi ya mgonjwa ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Mke wangu alikuwa na presha kwa mwaka wa sita, na kwa miaka hiyo hiyo sita mimi nilikuwa na afya kwa niaba yetu sote. Tunakaa ghorofa ya tatu. Mimi ndiye napandisha mtungi wa gesi begani, nikihema kwa siri penye kona ya ngazi ili nifike juu nikitabasamu. Mimi ndiye namshika mkono tukishuka. Mimi ndiye namhubiria habari za chumvi, huku mimi mwenyewe nikiinyunyiza kwenye yai kama mtu anayepanda mbegu. Ningemwambiaje kwamba mshikaji naye anahitaji kushikwa?

Yeye alikuwa mgonjwa mtiifu. Kila asubuhi alimeza kidonge chake, na kila jioni miguu ilimvimba kwa ajili ya kidonge hicho, mpaka mikanda ya ndara inaacha mifereji. Alilalamika mara moja kwa wiki, kwa sauti ndogo, kisha akaendelea kumeza.

Ndipo binti yetu alipokuja likizo. Anafanya kazi duka la dawa katika mji wa mbali, mwendo wa saa kumi na moja kwa basi, na safari hiyo alimletea mama yake kipimo cha presha cha nyumbani: kitambaa cha kufunga mkononi, mpira wa kuminya, vya kusikilizia masikioni, na saa ndogo ya mviringo yenye mshale. Siku mbili alimfundisha kusikiliza mpigo wa kwanza na wa mwisho. Mama mtu ana masikio ya kusikia maji yakichemka vyumba viwili kando; alijua upesi. Akanunua daftari, akapiga mistari, na binti akaamuru kabla ya kuondoka kwamba kila Jumatatu wapimwe wote wawili, mama na baba.

Nikasema hakuna tatizo lolote. Ila chombo kipya, nikaongeza kwa sauti yangu ya kazini, hakitumiki kabla ya kuhakikiwa. Jumamosi nikakibeba kwenda karakanani.

Nilijipima kwanza. Mia moja sabini na mbili kwa mia moja na mbili. Chombo cha tatu hicho, cha kiwanda kingine kabisa.

Fuateni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Ili ujaribu kipimo unahitaji jiwe ambalo uzito wake unaujua. Presha haina jiwe. Nikatazama huku na huku mezani, nikajiona. Mimi ninajijua. Ninapandisha mtungi wa gesi ghorofa tatu, ninalala, ninakula, sina hata mafua. Basi jiwe ni mimi, na jiwe ni zima, kwa hiyo mwongo ni mshale. Amezidisha kiasi gani? Sikutaka kuwa na tamaa. Nikaona kwa mtu wa umri wangu, karibu mia moja na hamsini ingetosha. Nikafungua kioo, nikaushika mshale kwa ile koleo ya jiwe la gramu moja, nikaurudisha nyuma mistari kumi na miwili. Kila mstari ni mbili. Jumla ishirini na nne. Na kwa kuwa penye sifuri pana kipini cha chuma ambacho mshale hukiegemea ukipumzika, usishuke chini yake, hakuna ambaye angeona kitu.

Hila hiyo ya kipini naijua vizuri. Nimewakamata nayo wauzaji kumi na mmoja, na mmoja wao sikuitika salamu yake mwaka mzima.

Jumatatu tuliketi meza ya jikoni. Nilipata mia moja arobaini na nane kwa sabini na nane. Mke wangu akasema si mbaya, akaandika. Nilivunjika moyo kidogo, nilitarajia kupongezwa. Kisha akajifunga mwenyewe, akaminya, akasikiliza, akakunja uso, akarudia. Mia moja kumi na sita kwa sitini na nne. Miaka sita ya vidonge haikuwahi kumfikisha hapo. Akavua vya masikioni taratibu, akaviweka mezani.

"Nimepona," alisema. Hakuniambia mimi. Aliiambia miguu yake.

Ningesema pale pale, hadithi ingekuwa fupi na mimi ningekuwa mtu. Nilisema, "Hongera, mke wangu."

Wiki ile alimeza nusu kidonge. Wiki iliyofuata hakumeza kabisa. Miguu ikanywea, ikarudi miguu niliyoijua zamani, yenye kifundo na mishipa, akatoa viatu vya kufunga alivyoviweka chini ya kitanda na kuvivaa ndani ya nyumba, akitembea kutoka jikoni hadi sebuleni bila shughuli yoyote. Aliimba akifua mablanketi. Alikataa kushikwa mkono ngazini. Jumatatu ya pili baada ya hapo mshale ulisema mia moja thelathini na nane kwa themanini, akafurahi hata zaidi: bila dawa, alisema, yuko vile vile alivyokuwa na dawa. Nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa na hesabu ya pili. Mia moja sitini na mbili kwa mia moja na nne. Nilijumlisha nikitafuna mkate.

Nilijaribu kurekebisha kwa njia ya waoga. Nikamwomba kipimo nikihakiki tena. Akakikumbatia. Tangu kitoke kwangu kinafanya kazi vizuri sana, alisema, na mafundi tuna tabia ya kutojua kuacha. Nikajaribu njia nyingine: nikamshauri amalizie tu vidonge vilivyobaki, kwa usalama. Akaniuliza nasikia nini ndani ya mwili wake ambacho yeye mwenyewe hakisikii. Jibu la kweli lilianza na koleo, nikaenda kufunga dirisha.

Halafu kipimo kikaanza kutembea. Chini yetu, kwenye ukumbi wa kuingilia, kuna mshonaji, rafiki yake mke wangu, mwanamke wa maneno mengi na pini mdomoni, naye ana presha ya siku nyingi. Mke wangu alimpima kwa furaha ya mtu anayegawa habari njema. Mshonaji akatoka na mia moja ishirini na sita, akaacha dawa siku ile ile. Kwa muda wa wiki mbili jengo letu lilikuwa na afya kuliko lilivyowahi kuwa tangu lijengwe.

Jumatatu ya tatu: mia moja na hamsini kwa themanini na nne. Ni ngazi, alisema mke wangu, alikuwa amepanda kwa haraka. Mimi nilijumlisha. Mia moja sabini na nne kwa mia moja na nane. Kisha akaniambia kwamba Ijumaa anasafiri kwenda kwa binti yetu, wiki tatu, na amekwisha kukata tiketi. Alitaka mtoto amwone akishuka kwenye basi kwa viatu vya kufunga. Vidonge vingebaki kabatini; asingehitaji kubeba mzigo wa bure.

Saa kumi na moja kwenye kiti, joto, barabara, na kichwani mwake hiyo sabini na nne. Kwa siku tatu nilimwona akianguka katika kila kiti cha nyumba yetu. Nilimwona akianguka hata kwenye mizani ya magunia karakanani. Ndipo Alhamisi asubuhi, akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake akikunja nguo, nilikwenda nikakaa sakafuni karibu naye, jambo ambalo kwa tumbo langu si dogo.

"Kipimo kinadanganya," nilisema. "Nilikirudisha nyuma mistari kumi na miwili."

Alidhani nimekosea karakanani, akaanza kunifariji, kwamba hata fundi bora huteleza. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nikamwambia sikuteleza. Nilikaza kioo tena nikakifuta kwa kitambaa.

"Kwa nini?"

"Kilinisema vibaya."

Hakupiga kelele. Aliinuka, akaleta daftari, akaketi kitandani na kalamu. Chini ya kila namba yake akaandika namba nyingine, akijumlisha kwa midomo, ishirini na nne, ishirini na nne, taratibu kama mtu anayefumua mshono alioupenda. Ya Jumatatu aliipigia mstari chini. Kisha kalamu ikahamia safu yangu, ikasimama.

"Na wewe?"

"Mia moja sabini na mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu mizani ya watoto."

Alitazama viatu vyake vya kufunga vilivyokuwa juu ya sanduku. Alisema jambo moja tu, na hakulisema kwa hasira, ningependa angelisema kwa hasira. "Mimi nilifurahi, unajua. Nilifurahi kweli."

Nikamwambia najua.

Akavaa ndara, akatia kipimo kwenye mfuko, akaniambia kabla hatujafika zahanati nitasimama mbele ya mshonaji nimwambie kwa mdomo wangu. Yeye hatanisaidia hata neno.

Mshonaji alikuwa na wateja wawili wakisubiri magauni yao. Nilimweleza kwa sauti ya chini, naye alinisikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, kisha akatoa pini mdomoni na kuniambia kwamba nimechanganya mambo. Kipimo kilikuwa kibovu kabla sijakigusa. Mimi ndiye niliyekitengeneza. Mwili wake anaujua. Tangu aache dawa hajasikia hata kizunguzungu, na kama presha ingekuwepo angeisikia, yeye si mtoto. Nilifungua mdomo kumjibu nikakuta kila jibu nililokuwa nalo nimekwisha kulitumia kujitetea mimi. Mke wangu alikuwa anatazama vifungo kwenye kopo, ametimiza ahadi yake.

"Shemeji," mshonaji aliniambia, "kwani wewe mwenyewe unayo?"

Wateja wawili wakaacha kuzungumza.

"Ninayo."

"Ngapi?"

Nikaitaja. Cherehani ikanyamaza. Akanitazama kuanzia nywele hadi tumbo, akakaa hapo tumboni kwa muda.

"Na mtungi wa gesi unapandisha wewe."

"Mimi."

"Na kumhubiria mwenzio chumvi, ni wewe."

Nikakubali na hilo pia. Akainuka, akajipangusa nyuzi, akawaambia wateja wake warudi mchana. Akaweka wazi kwamba haendi kwa ajili ya mwili wake, ambao hauna neno. Anakwenda kuniona mimi nikipimwa, jambo hilo halipati kila siku.

Muuguzi alitupanga kwenye benchi moja. Mke wangu, mia moja sabini na nane kwa mia moja na kumi. Mshonaji, mia moja sitini na nne, akadai arudiwe, akarudiwa, ikaongezeka mbili. Mimi, mia moja themanini na nne kwa mia moja na sita. Mshonaji alicheka mpaka muuguzi akamwambia atulie, atajipandisha bure. Kisha nikapewa koleo, na mbele ya macho ya wanawake watatu nikaurudisha mshale mahali pake, mstari kwa mstari, muuguzi akilinganisha na chake na kunisahihisha mara mbili. Mara mbili, mimi Gramu. Vidonge vya mke wangu akavibadilisha, akamwambia vipo ambavyo havivimbishi miguu kiasi kile. Muuguzi alikuwa anangoja tu mtu amwambie habari za miguu hiyo. Safari ikasogezwa wiki tatu mbele. Mke wangu aliitikia kila kitu kwa adabu, na njia nzima ya kurudi alizungumza na mshonaji habari za pindo la gauni, mimi nikiwafuata nyuma na mfuko.

Asubuhi iliyofuata nilikuta mezani kisahani chenye vidonge viwili, changu na chake. Changu alikuwa amekitoa kwenye kopo la skrubu, maana jana yake jioni aliniambia nimletee kopo zima kutoka karakanani, akakaa kuchambua skrubu moja moja. Nje kulikuwa na jua zuri. Nilikuwa nimelala vizuri kuliko wiki zote zile, na nilitaka alisikie hilo kutoka kwangu, liwe kama kianzio.

"Leo najisikia mzima kabisa," nilisema.

Mke wangu alikuwa anamimina maji kwenye glasi mbili. Hakuinua uso.

"Sijakuuliza," alisema. "Fungua mdomo."